Siku saba kuizunguka Ghuba ya Speke tukifuata mikia

Siku ya kwanza, Jumamosi. Bwiru, Mwanza

Tumeanzia kwenye jabali nililokulia. Liko nyuma ya nyumba ya kaka yangu huku Bwiru, pana kuliko ua mzima, na juu yake wifi yangu huanika dagaa na nguo za watoto. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshapiga ubavu wa mashariki, na hapo ndipo mjusi wa kwanza wa safari hii alipotokeza mdomoni mwa ufa. Kilianza kichwa, kikafuata kifua, mwisho akajilaza kifudifudi juu ya jiwe. Rangi yake ilikuwa ya vumbi. Mtoto wa kaka yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Ngosha, ana miaka 11 na hajazoea kutulia. Nikamshika bega. Baada ya robo saa hivi rangi zikaanza kupanda: kichwa, shingo na mabega vikaingia wekundu wa waridi, kiwiliwili na mkia vikakolea buluu.

"Shangazi, kavaa jezi!"

Ndivyo alivyo dume. Kwenye baridi hufifia, jua likimwingia huvaa. Jike hubaki na rangi ya kahawia, ndiyo maana wengi hudhani ni mjusi mwingine kabisa. Jabali moja huwa na dume mmoja mwenye rangi kali na majike kadhaa, na kule kutikisa kichwa na kuinua kifua ambako watoto wanakuita pushapu ni dume anatangaza mipaka ya eneo lake. Sisi utotoni tuliaminishana kwamba anatutukana. Tulimpiga kwa manati kwa kosa hilo, na mimi nilikuwa na shabaha nzuri. Hilo linaniuma hadi leo.

Mjusi huyu kitaalamu anaitwa Agama mwanzae. Jina alipewa mwaka 1923 na Arthur Loveridge, mzaliwa wa Wales aliyefanya kazi makumbusho ya Nairobi, kisha idara ya wanyamapori ya Tanganyika, na baadaye Chuo Kikuu cha Harvard. Watalii wanaomkuta kwenye majabali ya Serengeti humwita Spider-Man kwa ajili ya zile rangi mbili. Hawana kosa. Ila mtoto wa Mwanza anayemwita Spider-Man bila kujua kwamba mjusi huyu amelibeba jina la mji wake mwenyewe, huyo ameibiwa kitu.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wanitajie aina za mijusi wanaowajua. Napata mjusi, kenge, kinyonga, basi, darasa linanyamaza. Ndipo nikaazimia kuitumia likizo fupi ya Septemba kuizunguka Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria: Mwanza, Ukerewe, Bunda, Lamadi, kisha Mwanza tena, huku nikitazama kitu kimoja tu, mkia. Rangi hubadilika na sura huchanganya, lakini ukiangalia mkia wa mjusi na kazi anayoufanyisha, utamjua ni nani.

Kabla hatujaondoka jabalini dume akatupa mfano. Paka alipita chini, mjusi akaruka kutoka jiwe hili hadi lile, na angani mkia ukainuka juu. Nilimwonyesha Ngosha arudie kwa mkono. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha walichokiona kwa mijusi wa jamii hii hii ya Agama: mguu ukiteleza wakati wa kuruka, mwili huanza kupinduka mbele, naye huurusha mkia juu ili kichwa kisitangulie kugonga. Wakatengeneza hadi kigari chenye mkia kuthibitisha hesabu yao. Mkia wa mjusi wa mawe ni usukani.

Ngosha ana swali lake, nimeliandika kwenye daftari nisilisahau: "Mbona anakimbia kidogo anasimama, anakimbia anasimama? Si aende moja kwa moja?"

Siku ya pili, Jumapili. Kisiwa cha Saanane

Boti inaondokea Capri Point na unafika kabla hujamaliza kufunga koti la kuokolea. Saanane ilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake. Jina ni la Mzee Saanane aliyekuwa akiishi hapo zamani.

Majabali yake yamejaa pimbi, na kati ya pimbi kuna mijusi wale wa jana, wameota jua mgongo kwa mgongo bila ugomvi. Tulikuja kwa ajili ya kenge lakini. Mhifadhi aliyetuongoza, dada mmoja mpole mwenye macho makali kuliko darubini yangu, alituonyesha wa kwanza ambaye mimi nilikuwa nimeshampita nikidhani ni mzizi. Kenge wa majini, yule yule anayezagaa soko la samaki la Mwaloni kutafuta utumbo wa samaki, mwenye madoa ya manjano yaliyofifia na ulimi uliogawanyika kama wa nyoka. Anaweza kupita mita mbili, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia.

Tulipokaribia akaingia majini, na hapo Ngosha akaona mkia wa pili wa safari yetu. Miguu aliikunja ubavuni ikawa kama haipo, mkia peke yake ukapiga kushoto kulia ukamsukuma. Ukiutazama kwa nyuma si wa mviringo, umebanwa pande mbili kama kasia. Nchi kavu unageuka kiboko. Mhifadhi aliwahi kumwona mbwa wa wavuvi akichapwa nao puani, mbwa akalia njia nzima.

Halafu alitueleza habari ya mayai, nami naiandika yote kwa sababu darasani nimekuwa nikiipita juujuu. Mvua zikilainisha kichuguu, jike huchimba tundu ubavuni mwake, hutaga ndani, kisha huenda zake. Mchwa wenyewe huziba lile tundu, maana hawavumilii nyumba yao kubaki wazi. Mayai yanabaki ndani kwenye joto na unyevu usiobadilika kwa miezi mingi, yamelindwa na ukuta mgumu ambao mwenye mayai hakuufinyanga. Anayebomoa vichuguu vyote vya shamba ili kulisawazisha, mara nyingi ndiye huyo huyo anayeshangaa kenge wamekwenda wapi.

Wenzetu husema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Saanane mamba wapo na kenge wapo, methali imetimia mbele ya macho, ila nasaba yao iko mbali kuliko sura zao. Ndugu wa karibu wa mamba kati ya viumbe walio hai leo ni ndege. Kenge ni mjusi, na nyoka ni ndugu yake wa karibu kuliko mamba.

Swali la Ngosha limejibiwa hapa hapa. Kenge mwingine alikurupuka vichakani, akakimbia mbele yetu kwa kitambo, hakusimama hata mara moja, na koo lake lilikuwa likivimba na kunywea. Nikamkalisha Ngosha kwenye mzizi wa mkuyu. Mjusi anapokimbia, nikamwambia, mwili hupinda kushoto na kulia. Misuli inayoupinda ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kufungua mbavu avute hewa. Haiwezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mtafiti wa Marekani David Carrier alilieleza jambo hilo mwaka 1987: mjusi akiwa mbioni hapumui vya kutosha, kwa hiyo hukimbia hatua chache, husimama kuvuta pumzi, hukimbia tena. Kenge amepata njia ya pembeni. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba akiwa kwenye mwendo huisukuma hewa mapafuni kwa koo, kama fundi baiskeli na pampu yake.

"Kwa hiyo wale wadogo wakisimama hawatushangai sisi," akasema. "Wanahema."

Ndiyo. Wanahema.

Siku ya tatu, Jumatatu. Melini kwenda Nansio

Upepo mzuri, mijusi hakuna. Saa tatu na ushee majini. Mzee aliyeketi karibu nasi aliliona daftari langu lina michoro, akauliza. Nilipomwambia tunatafuta mijusi, watu watano wakaingia kwenye mazungumzo kwa pamoja, na wote walikuwa na mjusi mmoja kichwani: yule wa Ujerumani, arudishwe lini.

Nililitarajia. Mtanzania ukimtajia mjusi anakupeleka Tendaguru. Mifupa ile ilichimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani hadi pwani, na mnyama mwenyewe amesimama Berlin mpaka leo. Nami nakubaliana nao kuhusu jasho la wale wachukuzi, halijazungumzwa vya kutosha. Lakini nilimweleza mzee kwa adabu kwamba yule si mjusi. Ni dinosaria, na dinosaria wako upande wa ukoo wa mamba na ndege. Hawamo kwenye ukoo wa mjusi wa ukutani. Mzee akafikiri sana. "Basi mwalimu," akasema, "tumelia miaka yote hii kwa jina la mtu mwingine."

Siku ya nne, Jumanne. Ukerewe

Tumefikia kwa bibi mmoja, mama mkubwa wa wifi yangu, nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya michungwa na mihogo. Asubuhi nilikuta ukuta wa jikoni umeshapata wapangaji. Mijusi minene, kahawia iliyoiva karibu na weusi, na mistari miwili ya manjano hafifu inayotoka juu ya macho hadi mkiani. Magamba laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Trachylepis striata ndilo jina lake vitabuni. Ni mmoja wa mijusi wanaoonekana sana Afrika Mashariki yote, na hakuna aliyenitajia jina lake darasani, kwa kuwa yuko kila mahali.

Bibi hapendi waguswe. Anasema wanakula mende na hawajawahi kumdai chochote. Anajua pia jambo ambalo wanafunzi wangu hubisha: kwamba huyu hatagi, huzaa. "Niliwaona nikifagia kuni," akasema, "vitoto vimetoka vimekamilika, vinakimbia siku hiyo hiyo." Ni kweli tupu. Mayai hukaa tumboni mwa mama hadi watoto wawe tayari.

Niliingia ndani kuchukua daftari. Nilipotoka, Ngosha alikuwa amesimama katikati ya ua, uso umebadilika, na kiganjani mwake kipande cha mkia kinarukaruka kama samaki kwenye mtumbwi. Alitaka kumshika apime urefu. Mjusi alikuwa ameshaingia chini ya pipa.

Sikumkaripia. Alikuwa analia tayari. Bibi akaja, akakitazama kile kipande kikicheza, akasema taratibu, "Sasa umemwachia deni mwenzio."

Sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi. Mkia wa mjusi huyu una mistari dhaifu ndani ya mifupa yake, katikati ya pingili na si kwenye maungio. Akibanwa, misuli hujikaza yenyewe na mfupa huachia hapo. Damu ni kidogo mno kwa sababu mishipa hujifunga. Kipande kilichobaki huendelea kucheza ili jicho la ndege au paka lishughulike nacho mwenye mkia akijiokoa. Utaota mwingine, lakini hautakuwa na mfupa. Ndani yake kutakuwa na mrija wa gegedu tu, magamba yake yatakuwa ya mpangilio tofauti, na mara nyingi rangi haitalingana. Na mafuta aliyoyaweka akiba mkiani yamekwenda. Kwa wiki nyingi atalazimika kula kwa ajili ya kuota mkia wakati wenzake wanakula kwa ajili ya kuzaa au kukua. Ngosha alikaa karibu na lile pipa hadi saa sita, akiwaacha mende aliowakamata upande mmoja wa uwazi. Mende mmoja alitoweka. Hatukuona ameliwa na nani.

Nilitumia muda huo kumwonyesha kwamba si kila mjusi ana uwezo huo. Kwenye mwembe wa bibi yupo mkubwa mwenye kichwa cha buluu, shingo nene, mwendo wa kizee, ambaye kijiji kizima kinamwogopa kwamba ana sumu. Hana. Akitishwa hufungua mdomo wa ndani wenye rangi kali, na huuma akishikwa, lakini sumu hana. Ni binamu wa yule wa Bwiru. Hawa hawana ile mistari ya kukatikia, na mkia wao ukipotea haurudi kuwa mkia wa maana. Kenge pia, uliokatika umekatika.

Jioni taa ilipowashwa wakaja wa zamu ya usiku, mijusi kafiri, wamejibandika darini na vidole vyao vyenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Hawa hawana kope za kufumba, hulisafisha jicho kwa ulimi. Ngosha aliwahesabu mikia. Kati ya saba, wanne walikuwa na mikia ya kuota upya. Alijua kuitambua sasa, hakunihitaji.

Siku ya tano, Jumatano. Ukerewe

Mawingu tangu alfajiri, kisha mvua. Hakuna mjusi hata mmoja. Mwili wao hauna moto wake wenyewe, jua likikosekana wanabaki nyufani.

Tumekaa barazani tunakula mihogo ya kuchemsha. Ngosha ameuliza nani kati yao ana mbio kuliko wote duniani. Nimemweleza kwamba miongoni mwa wenye mbio sana ni wa Marekani, jamii ya Aspidoscelis, wembamba, mkia kama ufito. Mmoja wao mwenye mistari sita amepimwa akienda kilomita 29 kwa saa, na mtoto mwenye baiskeli hamfikii. Ndugu yake wa New Mexico hana madume kabisa. Wote ni majike, wanataga mayai yasiyorutubishwa na yanatoka majike mengine yanayofanana na mama. Alitokana na aina mbili zilizochanganya damu, na mwaka 2003 jimbo hilo likamfanya mtambaazi wake rasmi. Bibi aliyekuwa akichambua mchele akainua kichwa. "Wote wanawake? Na nyumba haijaanguka?" Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nikamtajia pia yule wa majani wa Asia, Takydromus, ambaye mkia wake unazidi mara tatu urefu wa mwili na unamsaidia kutembea juu ya ncha za nyasi bila kuzama, uzito ukigawanyika. Ngosha ametumia uzi kupima mara tatu ya kidole chake cha kati, akakaa ameushika.

Siku ya sita, Alhamisi. Rugezi, Kisorya, Bunda, Lamadi

Siku hii ndiyo niliyoisubiri, hivyo nitaandika kirefu.

Kivuko cha Rugezi kilituvusha mapema hadi Kisorya, tukapata gari la Bunda lililojaa magunia. Nchi inabadilika mbele ya macho. Kijani cha Ukerewe kinaisha, majani yanakuwa ya njano na mafupi, miti inakuwa ya miiba, udongo unageuka mchanga. Kutoka Bunda tukashuka kuelekea Lamadi, hifadhi ya Serengeti ikiwa kushoto na ziwa kulia. Saa nne jua lilikuwa limekausha kabisa mvua ya jana.

Niliyekuwa namtafuta amebeba jina la John Hanning Speke. Mwingereza huyo alilifikia ziwa letu upande wa Mwanza mwaka 1858, akaliona kwa upana wake tarehe 3 Agosti, akalipa jina la malkia wao. Waliokuwa wakivua humo walikuwa na majina yao tayari. Ghuba ikapewa jina lake, na mwaka 1872 Albert Günther wa makumbusho ya London akampa mjusi mdogo wa mchanga jina hilo pia: spekii. Leo anaitwa Heliobolus spekii. Anaishi nyika kavu za Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia na Somalia. Yeye na ndugu zake ni jamii ya Lacertidae, zaidi ya aina 300 zilizoenea Afrika, Ulaya na Asia, karibu wote wembamba, wepesi, wenye mikia mirefu. Hawa ndio wakimbiaji wa upande huu wa dunia, kama wale wenye mistari sita walivyo wa Marekani.

Tukiwa tumeacha barabara, tukamkuta mzee anachunga ng'ombe na wajukuu wawili. "Mwadila," akatusalimu, tukaitikia, na Ngosha akampa shikamoo yake. Nilipoeleza tunachotafuta, mzee hakushangaa hata kidogo. Akaelekeza kwa fimbo mahali ambapo mchanga umeachwa wazi kati ya vichaka vya miiba. "Wale wa mchanga wapo pale, jua likishawaka. Msiwafuate. Kaeni, watakuja wenyewe."

Tulikaa. Mchanga ulikuwa moto kiasi cha kutuinua mara kwa mara. Kisha Ngosha akanibana mkono bila kusema, na nikaona mchanga umesogea.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomchora akilini. Kiwiliwili kama kidole changu cha shahada, kahawia ya mchanga wenyewe, mistari iliyofifia mgongoni na madoa meusi kati yake, na nyuma yake mkia mwembamba unaokaribia mara mbili ya mwili, umeinuliwa kidogo usiguse chini. Alikimbia. Sitasema alitembea haraka, alikimbia kiasi kwamba jicho lilimpoteza na kumpata tena penye kivuli cha kichaka. Akasimama. Ubavu ukapanda na kushuka.

"Anahema," Ngosha akanong'ona.

Akaanza kuhesabu. Mbio, kituo. Mbio, kituo. Kwenye kila kituo mjusi alichokonoa mchanga kwa pua, akafukua kwa mguu, akameza kitu kilichoonekana kama mchwa, akaenda kichaka kingine. Wa Bwiru hafanyi hivi. Yule hukaa juu ya jiwe lake akisubiri chakula kipite, na mbio zake ni za kurukia au kutoroka. Huyu anazunguka kutwa kukitafuta, na kwa maisha hayo anahitaji mwili wa moto, macho ya karibu, na mkia wa kumsawazisha anapokata kona kutoka kichaka hadi kichaka. Kila alipokata kona, mkia ulikwenda upande wa pili. Niliuona waziwazi mara tatu. Nimewasomea wanafunzi habari za usawa wa mwili kwa miaka mingi, na sikuwahi kuuona ukifanyika mchangani mbele yangu kwa kiumbe chenye uzito wa sarafu chache.

Ndugu yake mmoja wa Kalahari, Heliobolus lugubris, ana jambo la kupendeza zaidi. Watoto wake huzaliwa weusi wenye alama nyeupe na hutembea wamekunja mgongo, kwa mwendo wa kukakamaa, wakimwiga mbawakawa mmoja wa huko anayerusha asidi. Ndege wanaomjua mbawakawa huwaacha. Wakikua na kuzidi kipimo cha mbawakawa, huacha mchezo, hupata rangi ya mchanga na huanza kukimbia kama wakubwa. Raymond Huey na Eric Pianka walilichapisha hilo mwaka 1977. Wajukuu wa mzee walinisikiliza hadi mwisho, kisha mdogo akajaribu mwenyewe kutembea amekunja mgongo mbele ya ng'ombe.

Tuliwaona watatu kabla ya saa saba, kisha joto likazidi hata kwao, wakaingia vichakani. Mzee akatupa maziwa mgando. Nilimuuliza kama watu huwaua. Akasema hapana, wawaue kwa nini, lakini mchanga wa pale umeanza kuchukuliwa na malori ya ujenzi, na upande ule wa bonde ambako zamani walikuwa wengi, sasa kuna shimo.

Siku ya saba, Ijumaa. Lamadi hadi Bwiru

Tumeondoka kabla ya mapambazuko. Magu tulipita watu wakifungua maduka.

Karibu na mji niliona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote. Jabali limezungukwa na moto wa matairi ili lipasuke, na pembeni kinamama wameketi wanaponda kokoto. Siwalaumu. Kokoto zile zimesomesha watoto, baadhi yao nimewafundisha. Lakini jabali lililokaa hapo tangu kabla ya ziwa likishakuwa kokoto halirudi, na mjusi wa rangi mbili haishi kwenye lundo la kokoto, kwa sababu anahitaji ufa wa kulala, sehemu ya juu ya kutazamia, na jiwe la pili la kurukia. Ninayaandika haya kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akimtaja anapopangwa ujenzi wa mtaa.

Saa mbili na nusu tulifika nyumbani. Wifi alikuwa jabalini ametandika turubai ubavu wa mashariki, anamwaga dagaa. Ngosha hakuweka hata begi chini.

"Mama, sogea upande ule. Hapa ndipo anapootea jua. Usipompa nafasi hapati rangi."

"Nani?"

"Agama mwanzae."

Wifi akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, kisha akashika pembe mbili za turubai na kuniambia nishike zile nyingine.